Wasomaji Wanauliza: Bakteria wa Kulanti na wa Mabomba ya Maji

Tulipogusia katika safu hii kwamba bakteria wa kifua kikuu wana ndugu wengi wanaoishi majini na udongoni, tulipokea barua nyingi kuliko kawaida. Tulizochagua zinahusu maikobakteria wa mazingira, yaani wale wa jamii ya Mycobacterium ambao hawasababishi kifua kikuu wala ukoma, na jinsi wanavyojipatia makao katika vimiminika vya viwandani na katika mifumo ya maji. Barua zimefupishwa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mkereza vyuma katika karakana ambayo mashine zake zote hutumia kulanti, yaani kimiminika cha kupoza na kulainisha chuma kinapokatwa, inayozungushwa kutoka kwenye tangi moja lililo chini ya sakafu. Zamani, kila Jumatatu asubuhi kulanti ilinuka kama mayai yaliyooza, mpaka msimamizi wetu alipoanza kuitia dawa ya kuua vijidudu. Harufu ikaisha, na vipimo vya kila wiki vinaonyesha kwamba hakuna bakteria. Lakini sasa mimi na wenzangu wawili tunakohoa, jioni tunapata homa na baridi, pumzi zinatubana, na tukienda likizo tunapona. Msimamizi anasema haiwezekani iwe kulanti, kwa sababu sasa ni safi kuliko wakati mwingine wowote. Je, ni kweli?*

Ndugu fundi, anachosema msimamizi wako kina mantiki yake, ila kinategemea kipimo ambacho hakiwezi kuwaona bakteria tunaowazungumzia.

Harufu ya Jumatatu hutokana na bakteria wasiohitaji hewa, ambao hustawi pampu zinapozimwa mwishoni mwa juma na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye mashine yakaelea juu ya kulanti na kuizuia isipate oksijeni. Bakteria hao hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, na ndiyo mnayoinusa. Dawa nyingi zinazotumika katika kulanti, hasa zile zinazotoa fomaldehidi kidogo kidogo, huwaua bakteria hao pamoja na wengine wa kawaida kama Pseudomonas kwa urahisi. Maikobakteria ni habari nyingine. Ukuta wa seli yao umesheheni asidi za mikoliki, ambazo ni mafuta mazito ya aina ya nta, na dawa zinazoyeyuka majini hupenya kwenye ukuta huo kwa shida sana. Matokeo yake ni kwamba dawa inawafyeka washindani wao waliokuwa wakigombania chakula kilekile, na wao wanabaki na tangi zima. Kwa maneno mengine, kulanti iliyotiwa dawa na kunyamaza inaweza kuwa ndiyo iliyowafaa zaidi.

Ama vipimo vya kila wiki, nadhani mnatumia kile kijiti chenye tabaka la chakula cha bakteria ambacho huchovywa katika kulanti, kikawekwa mahali pa joto na kusomwa baada ya siku moja au mbili. Ni chombo kizuri kwa kazi yake. Lakini maikobakteria wanaokua upesi huhitaji siku kadhaa hadi wiki moja ili waonekane, wale wanaokua polepole huhitaji wiki kadhaa, na wengi wao hawakipendi chakula kilichopakwa kwenye vijiti hivyo. Kijiti kikitupwa siku ya pili kikiwa hakina kitu, hakijathibitisha chochote kuwahusu. Kinachofaa ni kupeleka sampuli ya kulanti, pamoja na ute uliokwanguliwa ukutani mwa tangi, kwenye maabara inayoweza kuipaka rangi ya Ziehl-Neelsen, inayowafichua maikobakteria chini ya hadubini, kuiotesha kwa muda wa kutosha au kutafuta vinasaba vya bakteria hao moja kwa moja. Waambieni wanamaabara mnachotafuta, kwa kuwa wasipoambiwa watafanya kipimo kilekile mnachofanya ninyi.

Sasa kuhusu kikohozi chenu. Dalili mlizoeleza zinalingana na ugonjwa wa mzio wa mapafu, ambao si maambukizi bali ni hasira ya kinga ya mwili dhidi ya vumbi au ukungu wenye chembe za vijidudu. Tangu miaka ya 1990 ugonjwa huu umeripotiwa mara nyingi miongoni mwa waendesha mashine za kukata chuma nchini Marekani, hasa katika viwanda vya magari, na spishi iliyokuwa ikirudi tena na tena katika kulanti za viwanda hivyo ilipewa jina la Mycobacterium immunogenum mwaka 2001. Mgonjwa hukohoa, hupata homa saa chache baada ya kuvuta ukungu, hupungua uzito, na hupata nafuu akiwa mbali na kazi. Hiyo nafuu ya likizo ndiyo dalili ambayo daktari anayefahamu magonjwa ya kazini atashikamana nayo, na ni kosa kubwa kutomwambia. Muelezeni kazi mnayofanya, jina la kulanti, jina la dawa inayotiwa, na siku mnazozidiwa. Ugonjwa huu ukishikwa mapema na mgonjwa akatengwa na ukungu, mapafu mara nyingi hurudi katika hali yake, pengine kwa msaada wa dawa za steroidi kwa muda. Mgonjwa akiendelea kuvuta ukungu uleule, mapafu huweka makovu yasiyofutika.

Sisemi kwamba nimewapima kwa barua. Kulanti inaweza kuleta pumu kwa njia nyingine, na si kila mlipuko unatokana na maikobakteria. Katika kiwanda kimoja cha injini za magari karibu na Birmingham, Uingereza, wafanyakazi 87 walibainika kuugua katika mlipuko wa miaka ya 2003 na 2004. Wengi wao walikuwa na pumu ya kazini, wengine walikuwa na mzio wa mapafu, na uchunguzi wa damu ulielekeza kidole kwa bakteria wengine, akiwemo Acinetobacter. Ndiyo sababu sampuli inahitajika kabla ya hukumu.

*Mhariri mpendwa, mimi ndiye msimamizi wa karakana, ingawa si ya yule aliyekuandikia kwanza. Maabara imetuthibitishia kuwa maikobakteria wamo katika tangi letu. Je, nikiongeza dawa maradufu nitawamaliza?*

Bwana msimamizi, tunakushauri usianze na dawa. Sababu ya kwanza tumeshaieleza. Ya pili ni kwamba dawa zenyewe, zikizidi, huunguza ngozi na kuwasha njia ya hewa, na fomaldehidi si kitu cha kuwapulizia watu. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: bakteria waliokufa huweza kuchochea mzio kama walio hai, kwa sababu kinga ya mwili inaitikia vipande vya ukuta wao. Ukiwaua wote leo na kuacha mizoga yao ndani ya kulanti inayorushwa hewani, fundi aliyekwisha kupata mzio ataendelea kukohoa huku kipimo cha kuotesha kikisema kwamba tangi halina mtu.

Basi kazi ni kuwatoa. Funua bamba la sakafu utazame tangi lilivyo. Utaona pale kulanti inapogota ukutani pana mkanda wa ute wa rangi ya kijivu, unaoteleza ukiugusa kwa glavu. Utaona vinyoleo vya chuma vimejikusanya pembeni na kushikamana kwa ute huohuo. Utaona mafuta meusi yamefunika pembe ambayo mkondo hauifikii. Bakteria wengi hawaogelei katika kulanti yenyewe, wanaishi ndani ya utando huo, na hapo dawa huwafikia ikiwa imekwisha nguvu. Ukimwaga kulanti na kutia mpya bila kuugusa utando, umewaletea chakula kipya. Utaratibu unaofaa ni kuzungusha sabuni maalumu ya mfumo ndani ya kulanti ya zamani kwa saa ambazo mtengenezaji ameelekeza, kumwaga yote, kukwangua tangi na mifereji kwa mkono, kubadilisha neli zisizosafishika, kusuuza, kumwaga tena maji ya kusuuzia, ndipo mjaze kulanti mpya. Wanaofanya kazi hiyo wavae vifaa vya kukinga pumzi, na wasitumie maji ya shinikizo yanayotoa ukungu, maana hapo watakuwa wanavuta kwa siku moja kile ambacho wengine wamekivuta kwa mwaka.

Hata baada ya hayo, usishangae wakirudi. Kwa mfumo mkubwa wenye mabomba mengi yaliyozikwa hilo ni la kawaida, kwa hiyo ushindi wa kudumu uko hewani zaidi kuliko ndani ya tangi. Zibeni mashine kwa vifuniko, wekeni feni ya kunyonya ukungu na kuutoa nje badala ya kuuzungusha ndani ya jengo, subirini kidogo baada ya mashine kusimama kabla ya kufungua mlango wake, na mkomeshe tabia ya kupuliza vyuma vilivyolowa kulanti kwa hewa ya kompresa. Hii ya mwisho haina gharama yoyote, na bado ndiyo ninayoiona ikipuuzwa kuliko zote. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza mwaka 1998 kwamba chembe za ukungu wa kulanti zinazoweza kufika kifuani zisizidi miligramu 0.4 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu nzima. Ni kipimo cha kulenga, si cha kulalia usingizi, kwa kuwa wapo watu waliougua mzio wa mapafu mahali ambapo hewa ilikuwa chini ya kiwango hicho.

Mengineyo ni usafi wa kila siku: kuondoa mafuta yanayoelea, kupima nguvu ya mchanganyiko kwa refraktomita, kufuatilia pH (kipimo cha uasidi na ubesi), ambayo kwa kawaida hukaa kati ya 8.5 na 9.5 na ikishuka inaashiria kwamba vijidudu vinakula kulanti, na kutozima mzunguko kwa siku nyingi. Pia, tafadhali, watu wasiteme mate wala kutupa mabaki ya chakula katika mfereji wa kulanti.

*Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu. Niliugua kifua kikuu nikiwa msichana nikapona. Sasa nimekohoa kwa miezi mingi. Makohozi yangu yalipotazamwa kwa hadubini wakasema vimelea vipo, lakini mashine ya GeneXpert ikasema si kifua kikuu. Nimejitenga na wajukuu zangu kwa hofu. Nifanye nini?*

Pole sana, Mama. Majibu hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini hayapingani. Hadubini huwaona bakteria wote wasiopoteza rangi wanapooshwa kwa asidi, na maikobakteria wote wana tabia hiyo, wa kifua kikuu na wa mazingira vilevile. GeneXpert ya kifua kikuu, kwa upande wake, hutafuta vinasaba vya kundi la kifua kikuu peke yake. Vimelea vikionekana kwa hadubini na vinasaba vya kifua kikuu visipopatikana, daktari anapaswa kufikiria maikobakteria wa mazingira, kama vile kundi la Mycobacterium avium, M. kansasii au M. abscessus. Mapafu yenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, au yenye njia za hewa zilizotanuka, ni miongoni mwa yale yanayowakaribisha.

Hata hivyo, kuonekana mara moja hakutoshi kuanza matibabu. Bakteria hawa wamo majini, na wanaweza kuingia katika kikopo cha makohozi kutokana na maji ya kusukutulia mdomo tu. Miongozo ya kitaalamu inataka mambo matatu yakutane: dalili, picha ya kifua inayoafikiana nazo, na vimelea walewale kuoteshwa kutoka kwenye makohozi yaliyotolewa angalau mara mbili kwa nyakati tofauti. Yakikutana, ni lazima spishi itajwe, kwa kuwa dawa zinatofautiana. Kwa kundi la M. avium hutumika mchanganyiko wa dawa kama azithromaisini, ethambutoli na rifampisini, na huendelezwa kwa miezi 12 baada ya makohozi kuanza kutoa majibu safi. Ni safari ndefu, na wapo wagonjwa ambao daktari huona ni heri kuwafuatilia kwanza bila dawa. Jambo ambalo halifai kabisa ni kukuanzishia dawa za kifua kikuu cha kawaida na kukuhesabu kuwa una usugu pale zisipokusaidia.

Kuhusu wajukuu: kwa kawaida maikobakteria wa mazingira hawaambukizwi na mtu kwa mtu. Kuna shaka iliyopo kuhusu M. abscessus miongoni mwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mapafu, wanaotibiwa pamoja, lakini hilo halihusu nyumba yako. Daktari akishahakikisha kwamba kifua kikuu hakipo, wakumbatie wajukuu zako.

*Nimesoma kwamba bakteria hawa wanaishi ndani ya bomba la mvua la bafuni. Maji yetu yametiwa klorini. Inawezekanaje? Na je, niache kuoga kwa bomba hilo?*

Inawezekana, na klorini ni sehemu ya maelezo. Kiasi cha klorini kinachowaua bakteria wa kinyesi kama E. coli kwa muda mfupi hakiwatikisi M. avium, ambao huhitaji mamia ya mara zaidi, ukizidisha kiwango cha dawa kwa muda wa kukaa nayo. Kuongeza klorini mpaka wafe wote si jambo la kufikiriwa kwa maji ya kunywa, na kuiondoa ni kurudisha kipindupindu na homa ya matumbo, magonjwa yanayoua watu wengi kuliko hawa wote wakijumlishwa. Tunalipa bei ndogo kwa kukwepa bei kubwa, na mimi binafsi sioni biashara bora kuliko hiyo.

Tabia yao ya pili ni kwamba wanachukia maji. Nta ya ukuta wao huwafanya wajishikize kwenye kuta za mabomba kuliko kuelea, na huko hujenga utando, wakikua polepole mno, M. avium huchukua takriban siku nzima kugawanyika mara moja. Wengine huingia ndani ya amiba waliomo katika utando huohuo, wakaishi humo na kujikinga na dawa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha uchunguzi wa vichwa vya mabomba ya mvua kutoka miji kadhaa ya Marekani, wakakuta kwamba katika utando wa ndani maikobakteria walikuwa wamejilimbikiza zaidi ya mara 100 ya kiwango chao katika maji yenyewe.

Na chuki hiyohiyo ya maji ndiyo inayowapandisha hewani. Povu linapopasuka juu ya maji, seli zenye nta hukusanyika kwenye ngozi ya povu na kurushwa pamoja na vitone vidogo, hivi kwamba vitone hivyo huwa na bakteria wengi mno kuliko maji yaliyo chini. Hapo ndipo kulanti ya fundi wetu na bafu lako vinapokutana: hatari haitokani na bakteria kuwamo, kwa kuwa wamo karibu kila mahali, bali inatokana na kifaa kinachogeuza maji kuwa ukungu mbele ya pua ya mtu. Bafu la maji moto yenye mapovu lililofungiwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa limesababisha mzio wa mapafu unaofanana sana na ule wa waendesha mashine, na humo aliyepatikana ni M. avium.

Kwa mtu mwenye mapafu mazima, sioni sababu ya kuacha kuoga. Kwa mwenye mapafu yaliyoharibika au kinga iliyoshuka, mambo machache yanafaa. Hita ya maji iwekwe kwenye nyuzi joto 55 za Selsiasi au zaidi, huku tahadhari ikichukuliwa watoto wasiungue, kwa kuwa nyumba zenye hita za joto la chini zimeonekana kuwa na maikobakteria mara nyingi zaidi. Kichwa cha bomba chenye matundu makubwa kiwekwe badala ya kile kinachotoa maji kama moshi. Kifunguliwe mara kwa mara, ute mweusi au wa rangi ya waridi ulio nyuma ya matundu usuguliwe, au kibadilishwe. Dirisha liachwe wazi. Kichujio cha mkaa hakisaidii hapa, kwani huondoa klorini na kuwapa bakteria mahali pa kushikilia. Kinachowazuia ni kichujio chenye matundu ya mikromita 0.2, nacho kinatakiwa kubadilishwa kwa wakati. Mashine za kupuliza unyevu chumbani zijazwe maji yaliyochemshwa au yaliyokenekwa, na zisiachwe na maji ya jana.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, nafuga samaki katika tangi la kioo. Nina uvimbe kidoleni ambao umekaa wiki sita, na sasa vimejitokeza vingine viwili mkononi kuelekea kwenye kiwiko. Dawa za kupaka hazijasaidia.*

Marahaba, mwanangu. Nenda kwa daktari na umtajie samaki kabla hujamtajia kitu kingine. Uvimbe unaopanda mkononi kwa mstari namna hiyo, kwa mtu anayeingiza mikono katika tangi la samaki, unamfanya daktari afikirie Mycobacterium marinum, ambaye huingia kupitia mkwaruzo mdogo. Kipande cha ngozi kitakachopelekwa maabara lazima kioteshwe kwenye joto la takriban nyuzi 30, kwa sababu bakteria huyu anapenda ubaridi wa vidole na hakui vizuri katika joto la mwili. Kikioteshwa kama sampuli nyingine, jibu litakuwa hapana wakati ni ndiyo. Matibabu ni dawa za kumeza kwa miezi kadhaa. Tangu leo vaa glavu ndefu unaposafisha tangi.

*Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Nasikia mashine ya maji iliyo pembeni ya chumba cha upasuaji, ambayo maji yake hayamgusi mgonjwa, iliambukiza watu waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Hilo linaeleweka vipi?*

Ni kweli, na ni tukio linalostahili kusomwa na kila fundi. Mashine hizo hupasha au kupoza maji yanayozunguka nje ya njia ya damu wakati wa upasuaji wa moyo ulio wazi. Huko Zurich, Uswisi, madaktari waliona wagonjwa wenye maambukizi ya Mycobacterium chimaera katika vali za moyo, miezi mingi na hata miaka baada ya upasuaji, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ukawapata bakteria hao katika matangi ya mashine na katika hewa ya chumba zilipokuwa zikifanya kazi. Tangi halikuwa limezibwa vya kutosha. Vitone vilipenya, feni ya mashine ikavipuliza, vikatua juu ya kifua kilichofunguliwa. Baadaye ulinganisho wa vinasaba vya sampuli kutoka nchi nyingi ulionyesha kwamba vilifanana kiasi cha kuelekeza kwenye chanzo kimoja, kiwanda cha kuunda mashine hizo nchini Ujerumani, yaani nyingi huenda zilifika hospitalini zikiwa tayari na wageni ndani.

Tazama walivyojaribu kuitatua. Walitia viuatilifu na kubadilisha maji kila mara, na utando ukarudi. Kilichofanya kazi kwa uhakika zaidi ni kuitoa mashine nje ya chumba cha upasuaji na kupitisha neli ukutani, au kuielekeza feni mbali na mgonjwa na karibu na tundu la kutolea hewa pale ambapo ukuta hautobolewi. Kwa hiyo unapokagua kifaa chochote chenye tangi, iwe ni cha kupoza, cha kuongeza unyevu au cha kuoshea darubini za tumboni, uliza kwanza hewa yake inatoka wapi na kuelekea wapi. Na kwa vioshea darubini hizo, kumbuka kwamba glutaraldehidi ya asilimia 2, iliyoaminiwa kwa miaka mingi, imeshindwa na aina fulani za M. chelonae zilizotolewa ndani ya vioshea vyenyewe, na kwamba maji ya bomba yanayotumika kusuuza mwishoni yanaweza kurudisha kilichoondolewa. Suuzeni kwa maji yaliyochujwa, kisha mkaushe mirija kwa alkoholi na hewa kabla ya kuihifadhi.

*Nina saluni yenye mabeseni ya umeme ya kuoshea miguu, yenye maji yanayozunguka. Nayasafisha kwa sabuni kila siku. Inatosha?*

Dada, haitoshi kama husafishi nyuma ya wavu. Mwaka 2000, katika saluni moja kaskazini mwa California, wateja 110 walipata majipu sugu ya miguuni yaliyosababishwa na M. fortuitum, na yaliacha makovu. Wachunguzi walipofungua wavu unaofunika tundu la kufyonzea maji katika kila beseni, walikuta nywele na mabaki ya ngozi yaliyokusanyika, na bakteria wakiwa wamestawi humo; sehemu hiyo haikuwa ikisafishwa. Wateja walionyoa miguu kabla ya kuja ndio waliougua zaidi. Kwa hiyo, toa maji baada ya kila mteja na upake dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kila jioni fungua wavu, toa uchafu wote kwa brashi, zungusha dawa ndani ya mfumo, kisha uache beseni likauke kabisa. Mteja mwenye mkwaruzo, kidonda au miguu iliyonyolewa siku hiyo, mpe beseni la kawaida lisilo na mota.